Karibu, Kipenzi

Kama kuna neno linalonichosha duniani ni "tulia". Nitulieje? Kampuni ilikuwa imetupigia simu kwamba mkaguzi wao atakuja dukani wiki hiyo. Hatasema yeye ni nani wala atakuja lini, atanunua kuku kama mtu yeyote. Akikuta kosa moja zaidi, kibao chao kinang'olewa. Na kibao kikishatoka, sisi tunabaki na nini? Makarai ya mafuta, basi. Ng'ombe aliowauza baba ili tufungue duka hawatarudi zizini.

Duka lenyewe ni Kuku Taji, hapa Kisii mjini. Jina si letu, ni la kampuni, na maduka yao yako kila mahali. Unga unatoka Nairobi umeshachanganywa. Rangi ya ukuta inatoka Nairobi. Hata maneno ya kumpokea mteja yanatoka Nairobi: aliye kaunta amtazame mteja machoni, atabasamu, ampe trei kwa mikono miwili na aseme, "Karibu, kipenzi!" Kila mteja, bila kuchagua.

Mimi ndiye niliyeliona tangazo lao. Mimi Masese, niliyeuza ndizi soko la Daraja Mbili mpaka wateja wakawa wananitafuta kwa sauti. Lakini kwenye usaili wakaniuliza, "Mteja akikutukana, utafanya nini?" Nikawaambia ukweli: "Nitamrudishia. Kwani mimi ni jiwe?" Wakamgeukia mke wangu Joyline. Akasema, "Nitafanya mlivyoagiza." Wakatabasamu wote. Wakasema biashara ya namna hii haimtaki mtu wa kubuni yake, inamtaka mtu wa kufuata. Mkataba ukaandikwa kwa jina lake, mimi nikapewa magunia ya viazi nibebe.

Na walisema kweli, hilo ndilo linaloniuma. Joyline hata chai ya nyumbani anapima majani kwa kijiko. Onyo lililotufikisha hapa nililileta mimi: jamaa mmoja alilalamika kwamba paja ni dogo, nikamwambia aende akafuge kuku wake. Akaturusha mtandaoni. Tangu siku hiyo sikuruhusiwa kupita nyuma ya kaunta.

Kwa hiyo Alhamisi nilikuwa nimekaa pembeni na soda yangu kama mteja. Kila aliyeingia nilimwona mkaguzi. Kulikuwa na mwanamume wa suti aliyekuwa akiugeuza mfupa huku na huku kana kwamba anautafutia kosa. Nilimkazia macho mpaka akahamia meza nyingine. Joyline akaniangalia, akatikisa kichwa: tulia. Lo! Hilo neno tena.

Hatimaye yule wa suti akanawa, akaenda zake. Nikashusha pumzi. Humo ndani akabaki msichana mmoja tu mwenye buibui, anakula chipsi taratibu, simu mkononi. Huyo sikumjali.

Mvua ikaanza, ile ya mchana ya huku kwetu. Mlango ukafunguliwa, akaingia mzee amejifunika gunia kichwani. Baba yangu.

Mama yangu! Mzee Ombui, ametoka kijijini Manga, hajawahi kukanyaga dukani kwetu. Sisi Wakisii tuna chinsoni, yaani heshima ya kuoneana haya. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mke wa mwanawe hamshiki mkono, hamkazii macho, hampi chakula mkononi. Baba alikuwa akisema duka lenye mkaza mwanawe ni nyumba tu, hata likiwa na kibao. Mvua ndiyo iliyomsukuma, mvua na njaa. Akasimama mbele ya kaunta, na hakukuwa na mwingine wa kumhudumia ila Joyline.

Amwite baba mkwe "kipenzi"? Amtazame machoni na atabasamu? Jasho likanitoka. Nilioa mtu wa kufuata sheria, na sheria mbili zimemfika siku moja. Niliona midomo yake ikifunguka, ikafungwa. Nikainuka kitini. Akanionyesha kiganja: kaa.

Nikakaa. Nasema nikakaa, lakini ukingoni mwa kiti.

Joyline akainamisha kichwa, akarudi nyuma hatua moja. "Karibuni, tata," akasema, yaani baba kwa Kikisii, kwa sauti ya chini. Baba naye akaugeukia ukuta wenye picha za kuku, akaiambia picha, "Kama kuna paja huko ndani, mimi naweza kula." Joyline akaweka trei juu ya kaunta, akajificha kando ya jokofu. Baba akaichukua, akaenda meza ya mbali, akatugeuzia mgongo. Walifanya vizuri sana wote wawili. Roho yangu ikaanza kurudi mahali pake.

Ndipo yule msichana wa buibui akasimama. "Mama, naitwa Hawo, natoka kampuni," akasema kwa upole. "Yule mzee mbona hukumkaribisha kama wengine?"

Joyline akafungua kinywa ajibu. Ningemwachia sekunde moja! Lakini mimi tayari nilikuwa nimesimama, chupa imeanguka.

"Wewe!" nikapaaza sauti. "Yule ni baba yangu! Mnataka mke wangu amwite baba mkwe kipenzi? Kwenu hamna adabu? Chukueni kibao chenu, ondokeni nacho!"

Nilipiga meza, tena na tena. Watu waliokuwa wamejikinga mvua barazani wakachungulia. Baba akainuka bila kunitazama, paja limeng'atwa mara moja tu, akatoka na gunia lake mvuani.

Hawo alingoja nimalize. "Hata kwetu mkwe ana heshima yake, baba," akaniambia. "Mama angenieleza hivyo hivyo, ningeelewa, nisingeandika kitu." Kisha akasogea kando, akampigia mkubwa wake Nairobi. Niliusikia kila mkwaruzo wa ile simu. Aliporudi, alizungumza na Joyline peke yake: kibao kitabaki, kwa sababu mwenye mkataba ni yeye, na kazi anaiweza. Lakini mumewe asiingie tena humu ndani. Hata kwa soda.

Nilimtazama Joyline. Nilijua atanipigania angalau kidogo.

"Sawa," akasema.

Sasa viazi naviacha barazani. Mchana nikipita napanga foleni kwenye dirisha la nje la wanaobeba chakula, kama watu. Siku ya kwanza nilifika mbele yake nikidhani atacheka, au atalia, au atanitukana, lolote. Joyline akanitazama moja kwa moja machoni. Akatabasamu. Akanipa kifurushi kwa mikono miwili.

"Karibu, kipenzi!"

Tangu tuoane ananiita Baba Nyanchama, kwa jina la binti yetu. Hilo la kipenzi hakuwahi kuniita kabla ya siku hiyo. Nilitaka kumuuliza kama ni lake au ni la Nairobi, lakini nyuma yangu watu walikuwa wananisukuma, na yeye alishamtazama anayefuata.

Kesho yake nilirudi kwenye foleni, na wala sikuwa na njaa.