Mkwe Aliyefunga Breki

Mfamasia aliingia kwenye mbio za magari ya kompyuta kwa sababu ya vumbi. Mkwe wake, fundi wa lifti, alikuwa ameleta usukani wake wa mchezo wa kompyuta, pedali na kiti, akaviweka kwenye chumba alicholala binti wa mfamasia kabla hajaolewa naye, maana kwenye nyumba ya kupanga ya wanandoa hao hapakuwa na pa kuviweka. Kila alipoingia mfamasia kufuta vumbi, ule usukani ulimgonga kiunoni. Jumapili moja akakaa kwenye kiti apumzishe mgongo, akawasha ule usukani aone unafanya nini. Alipokuja kuinuka, chakula jikoni kilikuwa kimeungua hadi sufuria imebadilika rangi.

Fundi alipokuja kuvichukua vitu vyake, alikuta pedali zimevutwa karibu na kiti, kadiri ya miguu mifupi ya mama mkwe wake, na mto umefungwa mgongoni kwa kamba ya viatu. Akatazama, akakuna kichwa.

"Basi, mama, viache tu hapa. Mimi nitatafuta vingine."

Ndivyo walivyojikuta wote wawili kwenye ligi moja. Ilikuwa ligi ya watu wazima wenye kazi zao, kila mmoja akiendesha kutoka nyumbani kwake, Jumamosi alasiri. Walijuana kwa majina ya utani tu. Mfamasia alijiita Dozi. Fundi aliitwa Ghorofa. Hakuna aliyejua kwamba Dozi alikuwa amemzaa mke wa Ghorofa, na wao hawakuona sababu ya kutangaza.

Sheria zilikuwa chache na zilifuatwa. Huzungumzi mbio zikiendelea. Ukimgonga mwenzako akapoteza njia, unamsubiri apite ndipo uendelee. Mwenye malalamiko anapeleka video ya tukio kwa waamuzi, na waamuzi wanaitazama mbele ya wahusika wote. Mwamuzi mkuu alikuwa mama mmoja aliyewahi kuendesha gari la wagonjwa hadi alipostaafu. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyeshtuka haraka.

Siku ya ajali, mzunguko ulikuwa wa mwisho. Ghorofa alikuwa wa pili, Dozi wa tatu, na nyuma ya Dozi, karibu kumnusa, alikuwa mwalimu wa hesabu aliyejiita Kipanga. Walitoka kwenye kona ndefu wakaingia sehemu iliyonyooka, mahali ambapo kila mtu hukanyaga mafuta hadi sakafuni. Ghafla gari la Ghorofa likawa zito. Dozi akakata kushoto, akampita. Nyuma yake akasikia kishindo kwenye spika, kisha kingine, kisha vingine ambavyo hakuwa na nafasi ya kuvihesabu. Akavuka mstari akiwa wa pili.

Alishuka kitini. Akampigia simu dada yake, akamsimulia kona moja moja, na hapa na pale akatia chumvi kidogo. Jumatatu kule duka la dawa alihudumia wateja huku akiimba chini kwa chini, mpaka msaidizi wake akamuuliza kama kuna mtu anamchumbia.

Jumanne jioni akaitwa na waamuzi mtandaoni kama shahidi. Kipanga alikuwa amelalamika.

Video ilichezwa taratibu. Pembeni ya picha palikuwa na mistari inayoonyesha kila dereva anakanyaga nini. Mstari wa breki wa Ghorofa ulipanda katikati ya njia iliyonyooka, mahali ambapo hata mgeni hafungi breki. Dozi akapita. Kipanga, ambaye hakuwa ameona kitu kwa sababu alikuwa amefichwa na gari la Dozi, akamvaa Ghorofa kwa nyuma, akaruka uzio. Waliokuwa wanakuja wakavaana wenyewe kwa wenyewe.

"Ghorofa," mwamuzi akasema, "gari lako lilikuwa na hitilafu?"

"Hapana."

"Intaneti ilikatika?"

"Hapana."

"Sasa breki ya nini pale?"

Mfamasia alisogeza sikio kwenye spika.

"Nilikuwa nampisha."

"Unampisha nani?"

"Mama."

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akauliza, "Mama nani tena?" Ikabidi Ghorofa aeleze. Alieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaza fomu ya polisi, kwamba Dozi ni mama mkwe wake, na kwamba tangu ligi ianze hajaweza kumzibia njia.

"Jamani," Kipanga akasema, "mimi nimepaa kama jina langu kwa sababu ya ukwe wa watu?"

Mwamuzi mkuu hakucheka. "Nilipokuwa kazini," alisema, "waliokuwa wananitia hofu si wale waliogoma kunipisha. Ni wale waliosimama ghafla mbele yangu ili wanipishe. Aliye nyuma yako anaendesha kwa kutegemea kwamba utafanya kile ulichofanya mizunguko yote. Ghorofa, mbio zijazo utaanza wa mwisho."

Mfamasia alizima kompyuta akabaki kitini. Kisha akaiwasha tena, akaanza kutazama video za mbio zilizopita. Akaona ile kona ambapo Ghorofa "aliteleza". Akaona pale "alipokosea gia". Kila mara ni Dozi aliyekuwa nyuma yake. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia wagonjwa ukweli kuhusu dawa zao, hata ule usiopendeza, na kumbe miezi yote hii alikuwa anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Uso ulimwaka. Akampigia mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwa hiyo sijawahi kukupita hata mara moja?"

"Mama, si hivyo."

"Ni vipi?"

"Ningekuzibiaje njia? Nikija Jumapili nakaa meza moja na wewe, unanipakulia chakula. Nitakutazamaje?"

"Kwa macho. Ukinipisha, mwanangu, unanionyesha kwamba umeshaamua siwezi. Mimi sijazeeka hivyo. Na yule Kipanga wa watu kakosea nini?"

Fundi akasema, "Sawa, mama. Sitakupisha."

Mbio zilizofuata, kutoka mwisho, Ghorofa alipita gari moja baada ya lingine, bila kumgusa mtu, hadi akamfikia Dozi na kumpita kwa ndani, safi, akimwachia nafasi ya gari zima. Mfamasia alihisi vitu viwili kwa wakati mmoja: hasira, na kitu karibu na furaha. Akamkimbiza. Kwenye kona kali iliyo baada ya daraja aliona upenyo, na upenyo ule haukuwa upenyo. Alichelewa kufunga breki. Magurudumu yakaacha kuzunguka, gari likateleza, pua ya gari lake ikampiga Ghorofa ubavuni, ikamzungusha hadi mchangani.

Mbele yake njia ilikuwa nyeupe, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye gia. Akasogea pembeni, nje kabisa ya njia ya wenzake, akasimama. Magari yakapita, likiwemo la Kipanga. Akasubiri hadi Ghorofa alipojikwamua, akarudi njiani na kupita mbele yake, ndipo naye akaondoka. Alimaliza karibu na mkia.

Siku mbili baadaye, akiwa anapanga chupa za dawa ya kikohozi, ujumbe wa waamuzi ukaingia kwenye simu: Dozi anatakiwa kujibu malalamiko ya Ghorofa. Kabla hajamaliza kusoma, binti yake akapiga.

"Mama, umesikia alichofanya huyu mwanaume? Kakushtaki! Nimemwambia leo alale sebuleni."

"Mrudishe chumbani."

"Mama!"

"Mrudishe, nakwambia. Nilimgonga. Angeninyamazia ndipo ningekasirika."

Mbele ya waamuzi alikiri kabla video haijaanza. Mwamuzi mkuu alisema kumsubiri aliyegongwa kumempunguzia adhabu, lakini hakukuiondoa: mbio zijazo ataanza wa mwisho. Kipanga aliomba ruhusa ya kusema neno, akasema familia ile iwekwe kwenye ligi yake peke yake. Safari hii wote walicheka, hata mwamuzi.

Baadaye fundi alimpigia.

"Mama, hujanikasirikia?"

"Nimejikasirikia. Ile kona wewe unafunga breki wapi?"

"Kivuli cha daraja kinapoishia."

"Kuna kivuli pale?"

"Kipo, mama. Unakwenda mbio mno hukioni."

Jumamosi iliyofuata mfamasia alianza nyuma ya wote. Kona ya kwanza aliingia taratibu, akawaacha waliokuwa mbele wajipange. Alimaliza wa saba, gari lake halina mkwaruzo, na mkwe wake akiwa wa nne.