Ruhusa ya Mume

Shagufta alikuwa akimenya kwa ujira vitunguu saumu vya tajiri tangu alfajiri, vidole vikimuwasha, huku akitafuta uongo wa kumtoa nyumbani. Unga ulikuwa umepanda bei tena, gesi imekatika, na mumewe Nazakat, dereva wa lori, alikuwa anarudi Ijumaa kutoka Peshawar. Nazakat akirudi, mimba haichelewi. Na mkunga alishamwambia waziwazi: damu uliyomwaga ulipojifungua safari ile, ukirudia utaacha yatima.

Si kwamba hakujaribu. Vidonge alikuwa navyo, kavificha kwenye pipa la mchele. Ila alivimeza zile siku tu mume akiwepo. Kumeza mume yuko barabarani aliona ni kuharibu dawa bure. Wanawake wengi wa mtaani kwao Korangi walifanya vivyo hivyo, na uchochoro ulijaa watoto wa ubahili huo. Dada wa afya anayepita nyumba kwa nyumba alipoyasikia alicheka hadi akashika ukuta.

"Kidonge ni cha kila siku, shoga, mume awepo asiwepo! Nenda kliniki kaweke kitanzi cha uzazi, upumzike."

"Mama, nakwenda kutafuta dawa ya kikohozi ya mtoto," hatimaye Shagufta alimwambia mama mkwe wake, Bi Mehrunnisa.

Bi Mehrunnisa alichukua shela lake, akamfuata nyumanyuma mpaka kliniki. Shagufta alijua yamekwisha, lakini kurudi angerudije?

Karani wa kike dirishani hakuinua macho kwenye chai yake. "Kitanzi? Mume yuko wapi?"

"Safarini."

"Akirudi uje naye. Bila mume hapa haguswi mtu."

"Sheria hiyo imeandikwa wapi, dada?"

"Kichwani kwangu. Anayefuata!"

Kiganja kilipiga meza, chai ikamwagika. Kilikuwa cha Bi Mehrunnisa.

"We binti, huyo mume unayemtaka nimemzaa mimi. Soksi zake tu hajui ziko wapi. Ruhusa natoa mimi."

"Lakini bibi..."

"Lakini nini? Nimezaa kumi na mmoja, nimezika watano, na hakuna aliyeniuliza ruhusa yangu. Fungua mlango!"

Mlango ukafunguliwa. Shagufta alikuwa analia, wala hakuona haya.

"Mama, ulijuaje?"

"Mchele wa pipa lile anaupepeta nani? Vidonge vyako kila siku nilikuwa navirudisha mahali pake. Ingia, mwanangu."

Shagufta alipokwisha kuingia, msichana mmoja kwenye benchi alimvuta bibi shela. "Bibi, wangu yuko Saudia. Anakuja mwezi ujao."

"Anaitwa nani?"

"Tanveer."

Bi Mehrunnisa akarudi dirishani. "Na huyu mkwe wangu. Mke wa Tanveer."

Karani aliweka kikombe chini. "Kwani bibi, una wana wangapi wewe?"

Bi Mehrunnisa aligeuka. Benchi lilikuwa tupu. Wanawake wote walikuwa wamesimama nyuma yake.

"Leo?" akasema. "Subiri, bado wanapanga foleni."