Msemaji wa Kina Mama

Namelok alipofikisha ng'ombe wake penye njia ya mtoni, damu ilimchemka. Uzio wa jirani yake Koikai, aliyeziba njia ili ajenge kambi ya watalii, ulikuwa palepale. Mbele ya uzio huo, Diana na vijana wenye rasta, miguu peku, walikuwa wameinua majani mabichi juu ya vichwa vyao.

"Diana! Nani amewaambia mshike majani?"

"Shikamoo, yeyo, mama yangu! Mimi. Majani haya ndiyo ardhi yetu, tunamwonyesha Koikai!"

Diana alikuwa mtafiti wa mila za watu. Aliacha kufundisha chuoni, akahamia Olasiti kuishi na vijana waliokataa ajira na amri za wakubwa. Aliwaambia kina mama kuwa elimu yake si ya kutazama watu kama wadudu kwenye chupa, ni ya kusimama upande wao. Walimpenda kwa hilo, wakamfanya msemaji wao.

Koikai alitoka na wazee wawili wa ukoo, akamwambia Namelok huku anacheka:

"Karibu, Mama Lesian. Msemaji wenu ameniomba amani kwa majani, na mimi nimepokea. Yameisha. Rudisha ng'ombe."

"Amani?" Diana alishtuka. "Sisi tunapinga!"

"Kwetu anayeinua majani anaomba yaishe," Namelok alimwambia kwa sauti ya kukwaruza. "Umelala kwangu, umekula makande yangu, umeniuliza mpaka jina la bibi yangu. Hili lilikushinda kuuliza?"

"Niliona kwenye picha za maandamano, nikadhani..."

"Ulidhani! Ng'ombe wangu ndio watakunywa kudhani kwako?"

"Mila ni mila," Koikai alidakia. "Au na wewe, mama, umekuwa hipi kama hawa wenye rasta?"

Namelok alimsogelea hadi akamwona jasho la puani.

"Umepokea, Koikai?"

"Mbele ya wazee hawa."

"Basi ugomvi umekufa kwako na kwangu. Na ugomvi wetu ni huu uzio. Utaubakizaje, kama yameisha?"

Koikai aliwageukia wazee. Mmoja alisema, "Ukishapokea amani, umepokea; nawe inakufunga. Fungua."

Koikai hakusogea. Namelok alianza kuzing'oa nyaya za uzio mwenyewe, vidole vikachanika. Nyuma yake Diana aliinua simu apige picha.

"Zima hiyo takataka," Namelok alisema bila kugeuka. "Njoo ushike waya."