Shamba la Mnyang'anyi

Kila shamba la kwetu Kilcorran lina jina, na parokia iliponiomba niyaandike yote kwenye ramani ya ukumbini, nilikubali kwa ajili ya shamba moja tu: lile la Festus Ruane, chini ya kanisa. Majirani wote huliita Shamba la Mnyang'anyi. Mwingereza mwenye ardhi alipomfukuza baba wa babu yangu, mkuu wa ukoo wetu wa Costello, na watoto wake saba mvuani, babu yake Festus alilichukua kabla majivu ya jiko letu hayajapoa. Sisi tukaishia kwenye mawe ya mlimani. Miaka mia imepita, hatujasahau, wala sikuwa na nia ya kusahau.

Nilipopita nyumba kwa nyumba kuuliza majina, nilimwacha Festus awe wa mwisho. Alinikaribisha jikoni, akanimiminia chai nzito, akaniwekea mkate wa magadi na siagi. Dada yake Bina, ambaye siku hizi akili zinamtoka, alikuwa amejikunyata karibu na moto.

"Umekuja kwa lile," alisema Festus.

"Lile lile."

"Attracta, jirani yangu, nakuomba. Mimi sina mtoto. Nikifa, kitakachobaki cha akina Ruane hapa ni hilo tusi ukutani."

"Si tusi, ni jina. Kwani nyie humu ndani mnaliitaje? Peponi?"

"Kwa Costello."

Nilicheka kwa hasira. "Umelitunga leo asubuhi ukikamua?"

Alimgeukia dada yake, akapaza sauti. "Bina, ng'ombe wako wapi?"

"Wako Kwa Costello, wapi tena?" alijibu bila kuinua kichwa, kama aliyeulizwa upuuzi. "Kafunge lango, baba atagomba."

Baba yao alikufa miaka arobaini iliyopita.

"Babu ndiye aliyetuamuru," alisema Festus. "Alisema ardhi tumeshaichukua, jina tuwaachie. Aliona aibu, Attracta. Ila kuirudisha, hakuirudisha."

Vizazi vitatu watu hawa walitaja jina letu kila asubuhi wakipeleka ng'ombe malishoni, na sisi tukiwasengenya hadi mlangoni mwa kanisa. Hasira haikuniisha, maana ardhi bado ni yao. Lakini niliona haya.

Niliandika "Kwa Costello", nikamgeuzia ramani. Alisoma polepole.

"Na lile jingine? Vijana wakikuuliza?"

"Nitawaambia nimelisahau," nilisema, nikawa Costello wa kwanza kutamka hivyo.