Wekundu wa Malinets

Novemba ile gazeti la mkoa lilipotoa ramani ya saratani, simu ya kwanza kuingia nyumbani kwa Zlatka ilikuwa ya mdogo wake Ginka, na Zlatka alijua kabla hajaipokea kwamba asubuhi yake imeshaharibika.

"Dada, umeliona gazeti?"

"Sijaliona. Mikono yangu imo kwenye pipa la kabichi ya chumvi."

"Basi kaa chini nikusomee. Saratani ya shingo ya kizazi, wilaya kwa wilaya. Kwenu Orehitsa nyekundu, tena si nyekundu ya kawaida, damu ya mzee! Kwetu Malinets nyeupe pee, hakuna hata doa. Sasa nakuuliza kwa upendo tu, mnakula nini huko?"

"Tunakula maneno yako kila siku, Ginka. Labda ndiyo yanayotuua."

Ginka akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa ameolewa Malinets, upande wa pili wa kilima, mwendo wa saa moja kwa miguu, na kwa miaka thelathini na mitano hakuchoka kumweleza dada yake jinsi kila kitu cha huko kilivyo bora. Maji matamu zaidi, matunda ya plamu manono zaidi, padri mwenye sauti nzuri zaidi. Hata theluji, eti ya Malinets ni safi. Na sasa gazeti lenyewe limemuunga mkono! Aliikata ile ramani akaibandika mlangoni pa jokofu, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa kabla hajapewa kiti.

Zlatka alikuwa mkunga. Alikuwa na miaka sitini na tatu, mabega mapana, na ulimi uliowahi kumliza mkaguzi wa afya aliyetoka mjini. Zamani, kabla wanawake hawajaanza kuzalia hospitali, alizalisha pande zote mbili za kilima, kwa sababu Malinets hawakuwahi kuwa na mkunga wao. Hilo ni jambo moja ambalo Ginka hakupenda kulitaja. Lakini kazi ya uchunguzi wa saratani iligawanywa kiwilaya, na Zlatka aliandikiwa Orehitsa peke yake. Kwa miaka sita alikuwa akiliita gari la uchunguzi kila majira ya kuchipua, na kupita nyumba kwa nyumba kuwatoa wanawake jikoni, wengine kwa kubembeleza, wengine kwa kuwashika mkono. Malinets gari liliitwa mara moja tu. Likakaa uwanjani siku nzima, daktari akala chakula chake mle ndani, akaondoka. Wanawake walisema hawaumwi.

Ndiyo maana ramani ilikuwa vile. Anayetafuta anaona, asiyetafuta haoni kitu. Zlatka alilijua hilo dakika ile ile alipoiona, lakini nenda kawaambie watu wenye hasira.

"Bi Zlatka, tusifichane," Parashkeva mwenye duka alimwambia, mbele ya foleni nzima. "Kabla hujatuletea lile gari lako, saratani hapa hatukuwa nayo. Umeanza kutupima, ikaingia. Sasa ona, mkoa mzima unatucheka. Binti yangu anaulizwa na wakwe zake kama maji yetu yana sumu."

"Wamepatikana wangapi kwa miaka sita, Parashkeva?"

"Tisa."

"Wamekufa wangapi kati yao?"

Parashkeva akapima sukari.

"Nakuuliza wewe kwa sababu wewe ni mmojawapo. Umesimama hapo mzima kama ng'ombe wa maonyesho, na bado unanipunja sukari!"

Foleni ikaangua kicheko, na Parashkeva, huku uso umemwiva, akaongeza kijiko. Lakini aibu haikuisha. Aibu ya kijiji haiondoki kwa kijiko cha sukari.

Siku ya pili ya Krismasi Zlatka alivuka kilima kwenda kumwona mdogo wake. Alipelekwa mlangoni pa jokofu, akaitazama ramani, akasema vyema. Wakala nguruwe kwa kabichi, wakanywa kidogo. Ginka alipiga soga vile vile, ila aliinuka mezani mara tatu, na alipokaa alikaa upande mmoja. Baadaye Zlatka alikwenda kunawa mikono, akaona beseni chini ya sinki, limefunikwa gazeti. Akalifunua. Vitambaa vilikuwa vimelowekwa, na maji yalikuwa na rangi ambayo mkunga haulizi ni ya nini. Ginka alikuwa na miaka hamsini na minane. Mambo hayo ya mwezi yalimwisha miaka minane iliyopita.

Zlatka alisimama pale akiwa ameshika ukingo wa sinki. Alikuwa ameyaona mabeseni ya namna hiyo kwa watu wengi. Hakuwahi kuliona la mdogo wake.

"Tangu lini?" aliuliza aliporudi.

"Tangu lini nini?"

"Ginka."

"Ala! Unapekua mabeseni yangu? Nilibeba kuni, nikajikaza vibaya, basi. Litapita."

"Twende kwa daktari. Kesho."

"Nikafanye nini? Huo ugonjwa wako kwetu haupo. Umechapishwa pale, usome mwenyewe, nyeupe!" Akanyoosha kidole kuelekea jokofu.

"Mama naye alikuwa mweupe," Zlatka alisema taratibu. "Cheti chake cha kifo kiliandikwa moyo. Na mama mkwe wako aliandikwa mgongo. Na Tsveta jirani yako, upungufu wa damu. Nyote huku mnakufa kwa mgongo, mnazikwa, ramani inabaki safi."

"Usimwingize mama. Na tafadhali, ni sikukuu."

Alipovuka kilima kurudi, Zlatka alilia njia nzima, akajitukana, kisha akaanza kufikiri. Alimjua Ginka tangu amezaliwa. Ukimwomba, anakataa. Ukimtisha, anakimbia. Kitu kimoja tu kilichowahi kumsogeza Ginka ni kushindana.

Jioni akapiga simu.

"Sikiliza. Nyinyi mnajisifu kuwa safi. Mimi nasema ni uongo mtupu. Siku ya Wakunga safari hii nitaifanyia kwenu, na nitakuja na gari. Wanawake wote wa Malinets wapimwe. Asipopatikana hata mmoja, ile sufuria kubwa ya shaba ya mama ni yako."

Sufuria hiyo, ya kupikia jamu ya plamu, waliigombania siku ya tatu baada ya mazishi ya mama na hawajaacha mpaka leo.

"Na nitapanda ule mkokoteni wanaomzungushia mkunga siku hiyo," Zlatka akaongeza, "nitangaze mbele ya watu kwamba Malinets ni bora kuliko Orehitsa kwa kila kitu. Hata theluji."

"Hata theluji?" Ginka akasema. "Andaa sufuria, dada. Isugue ing'ae."

Siku ya Wakunga, tarehe ishirini na moja ya Januari, mwanamume mwenye akili hatoki nje. Siku hiyo ni ya wanawake. Wanakula, wanakunywa, wanasema mambo ambayo siku nyingine yangewapeleka kuungama, na wakimkuta mwanamume njiani wanamnyang'anya kofia mpaka ajikomboe kwa chupa. Mwenyekiti wa kijiji cha Malinets alidhani cheo kitamlinda. Alinaswa saa nne asubuhi na kuporwa kofia na mkanda pia, akaonekana akielekea nyumbani ameshikilia suruali.

Gari la uchunguzi lilisimama mbele ya ukumbi wa kijiji. Daktari alikuwa binti mdogo aitwaye Velislava, na hakuamini macho yake, maana foleni ilizunguka ukumbi mara mbili. Ginka alikuwa amefanya kazi kwelikweli. Alisimama mlangoni pa gari na daftari, mkono wa pili ameshika liki kubwa, kitunguu kirefu kama fimbo, lililochongwa kwa namna ambayo siitaji hapa, akiwasukuma wenzake ndani.

"Ingia, Bi Vasilka, uiwakilishe nchi!"

"Nina miaka sitini na tisa, Ginka. Mle ndani hakuna aliyepita tangu marehemu mume wangu!"

"Basi daktari atafagia buibui. Haya, mwingine!"

Wakacheka mpaka theluji ikaanguka kutoka paani. Waliotoka walipewa glasi ya pombe ya plamu na kipande cha mkate wa jibini, na wengi walikiri kwamba kumbe si kitu, dakika mbili, kung'oa jino ni kubaya zaidi. Kufikia saa nane walikuwa sitini na wawili. Zlatka, amekaa kwenye kiti cha heshima ndani ya ukumbi, amevishwa shada la pilipili kavu na vitunguu saumu, aliomba daftari. Akalisoma jina kwa jina, kisha akalisoma tena.

Majina sitini na mawili. La Ginka halikuwemo.

Basi ikafika saa ya kunawisha. Hii ndiyo shina la siku yenyewe. Kila mwanamke aliyezaliwa mikononi mwa mkunga, au aliyezaa mikononi mwake, anakuja na birika, anammiminia maji, anampa sabuni na taulo jipya. Ndivyo anavyosema asante, na ndivyo mkunga anavyosema wewe ni wangu. Walipita mmoja mmoja, na taulo zikarundikana begani kwa Zlatka. Ginka alikuja mwisho, kwa mbwembwe, na birika la bluu. Binti zake wote wawili walizaliwa mikononi mwa Zlatka, na wa pili alizaliwa ametangulia miguu, kazi ya usiku kucha.

"Lete mikono, dada," Ginka akasema. "Halafu twende kwenye habari za sufuria."

Zlatka akaiweka mikono mgongoni.

Wa mbele wakawaambia wa nyuma, na shingo zote zikanyooshwa.

"Kwanza gari," Zlatka alisema.

"Unafanya nini? Dada, watu wanatutazama."

"Waache watazame. Sinawishwi nawe mpaka upande gari."

"Unanitia aibu kijijini kwangu!"

"Ndiyo. Nakutia aibu, na nitakutia tena kesho." Sauti ya Zlatka ilianza kukatika, naye hakujali tena. "Mimi nimezika mama na cheti cha uongo. Wewe sikuziki, Ginka. Unanisikia? Sufuria chukua, hata leo, sitaki kuiona. Theluji yenu ni bora, padri wenu anaimba vizuri, yote nakubali. Panda gari tu."

Ginka alisimama na birika lake, maji yakidondoka sakafuni. Bi Vasilka, yule wa buibui, akasogea akamchukulia birika.

"Mwenzetu, wote tumevua," alimwambia. "Usituache sisi tu tumevua."

Hapo mtu mmoja akacheka, akafuata wa pili, na Ginka mwenyewe, machozi yakimtiririka, akacheka kwa pua. Alivuka ukumbi akiwa bado na liki mkononi. Mlangoni pa gari akageuka. "Naogopa, dada," alisema, kwa sauti ndogo ambayo Zlatka hakuwa ameisikia tangu wakiwa wasichana.

"Najua. Nakuja nawe."

Wakaingia wote wawili, pamoja na liki, na Daktari Velislava aliomba tu kwamba liki libaki nje.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Malinets, ile nyeupe pee, walipatikana wanne, na Ginka alikuwa mmoja. Uvimbe wake ulikuwa mdogo, daktari alisema, haujasafiri popote, lakini wangechelewa mwaka mmoja zaidi angekuwa anasema maneno mengine. Machi akafanyiwa upasuaji mjini, Zlatka akalala kwenye kiti cha wodini siku sita, akagombana na wauguzi watatu. Kufikia Juni Ginka alikuwa anachuma cheri na kusema cheri za Orehitsa zina funza.

Novemba iliyofuata Zlatka alikuwa tena kwenye pipa la kabichi simu ilipolia.

"Dada, umeliona gazeti?"

"Ginka, jamani."

"Ngoja nikusomee! Malinets, nyekundu! Wilaya ndogo ya vijiji vitatu, watu wanne tu wametosha. Tumeiva kuliko nyinyi, dada. Nyinyi mwaka huu mmefifia, mko rangi ya waridi, ya kitoto kabisa. Nimeshabandika kwenye jokofu. Nawaonyesha watu, pale kwenye wekundu, nawaambia, robo ya huo ni mimi, na nimesimama mbele yenu."

Zlatka akakaa kwenye kigoda na mikono yake ya chumvi.

"Kwa hiyo mmeshinda," alisema.

"Tumeshinda. Nataka sufuria yangu."

"Makubaliano yalikuwa asipatikane hata mmoja!"

"Wewe mwenyewe ulisema mbele ya watu sitini na wawili, chukua, hata leo. Nina mashahidi, na wote wamepimwa."

"Nikuletee mpaka huko? Miguu yangu hii? Njoo uibebe mwenyewe, kama kweli umepona."

Ginka akakata simu bila kuaga. Baada ya saa moja na robo alikuwa mlangoni, mashavu mekundu kwa baridi, amevuka kilima kwa miguu. Hakukubali kukaa. Alinywa chai amesimama, akaikagua sufuria, akasema haikusuguliwa vizuri, akaifunga mgongoni kwa kamba na kuanza safari ya kurudi. Sufuria ilikuwa kubwa hivi kwamba kwa nyuma ilionekana miguu tu. Zlatka alisimama mlangoni akimtazama akipanda kilima, bila kupumzika hata mara moja, mpaka akapotea upande wa pili. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, akalia kidogo kwa raha yake, akarudi kwenye kabichi.