Mkono wa Ndani ya Chungu

Mama Ezra, mama wa mume wa binti yangu, alisema sitamshika mtoto, na alisema mbele ya watu, kwa ile sauti yake ya kwaya. Mtu anayeangushwa na maombi, alisema, hawezi kupakata malaika wa Mungu. Binti yangu Asifiwe alikuwa chumbani, ametoka kujifungua kifungua mimba wake, na mimi mama yake mzazi nimetoka Ikombe na mkungu wa ndizi na chungu kipya cha kuchemshia maji ya kumkanda, nimesimama uani kwao Makwale kama muuza dagaa. Chungu niliwaachia, ndizi niliwaachia, nikarudi na hasira yangu.

Sasa watu wakisimulia habari zangu wanapenda kuanzia pale kwenye kuanguka. Waongo hao. Mambo yalianzia kwenye chungu.

Sisi Wakisi wa huku ziwani hatuna mashine ya kuzungusha udongo. Unaweka bonge juu ya kigae, unakizungusha kwa mkono, kisha mkono mmoja unaingia ndani ya chungu na mwingine unabaki nje, na ukuta wa chungu unapanda katikati yao. Wa nje unauona. Wa ndani huuoni wala huna haja ya kuuona, kwa sababu unajua ulipo, kama unavyojua ulimi wako ulipo. Marehemu mama yangu alikuwa akifinyanga huku anapiga soga na jirani, hatazami kabisa. Macho, alisema, ni ya kuchungulia wapita njia.

Basi mwaka juzi, wakati watu wanavuna mpunga, mkono wangu wa ndani ukapotea. Sijui nisemeje. Haukuuma. Udongo niliusikia, baridi na maji yake. Ila mkono wenyewe uko wapi, sikujua. Mara nikaona kidole kinatokeza nje kupitia ukuta wa chungu, nikakitazama kama kidole cha mtu mwingine. Nikacheka. Nikaanza upya, kikatoboa tena, na safari hiyo sikucheka.

Nikawa nafinyanga kwa kuchungulia, kichwa kimeinamia mdomo wa chungu kama kuku anayetafuta punje. Vyungu vikatoka vinene upande mmoja. Sokoni Matema wanawake wakanitania, "Mama Asifiwe, siku hizi unafinyanga umelala?" Niliwajibu kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Halafu miguu nayo ikafuata. Nikitembea lazima niitazame, nisipoitazama inakwenda inakojua yenyewe.

Kisha likaja lile la kanisani. Mwinjilisti Hezroni, anayezunguka na pikipiki yake kuanzia Matema hadi Makwale, alisema, "Tusimame, tufumbe macho, tuombe." Nikafumba. Nilichosikia baada ya hapo ni kichwa changu kugonga benchi. Mara ya kwanza wakasema joto. Jumapili nyingine, "tufumbe macho," nikaenda chini tena, na safari hii Hezroni akaja kusimama juu yangu akakemea mpaka jasho likamdondokea kwenye tai. Nikafumbua macho, nikainuka, nikasimama vizuri kabisa. Haleluya! Pepo limetoka! Basi tufumbe macho tumshukuru Mungu. Nikafumba, puu, chini.

Wakasema ni pepo sugu. Nami, nisiwadanganye, nikaanza kuamini. Nilikesha kwenye maombi, nilifunga mpaka mbavu zikahesabika, na kadiri nilivyoombewa ndivyo nilivyoanguka. Unajua uchungu wa kuogopa maombi, wewe uliyelelewa kanisani? Nilikuwa nikisikia kengele natamani kujificha. Habari za Ikombe nazo hufika Makwale kabla ya samaki, ndiyo maana mama Ezra alikuwa na la kusema siku ile uani.

Aliyenitoa huko ni mume wangu Ezekia, mtu ambaye kwa siku husema maneno ya kujaza kijiko. Siku ile niliyotoka Makwale, nalia kwa hasira, nilikwenda ziwani kunawa uso. Nikajipaka sabuni, nikafumba macho, nikaanguka majini na kanga zangu. Yeye alikuwa pembeni anashona wavu. Akanivuta, akanitazama sana.

"Mama Asifiwe," akasema, "hivi sabuni nayo inakemea mapepo?"

Kyala, Mungu wangu! Nilimtaka aseme tena. Hakusema tena. Kesho yake alinipandisha mtumbwi, tukapanda gari Matema, tukaenda hospitali ya mbali ambako hakuna anayetujua.

Daktari alikuwa binti mdogo tu, jina lake Jubilate. Aliniambia nisimame, nibane miguu, nifumbe macho. Nikamwambia, mwanangu, usinifanyie hivyo. Akasema, "Niko hapa, mama, nitakudaka." Nikafumba, nikaanguka, akanidaka. Nikangoja aanze kukemea. Hakukemea. Akanilaza, akashika kidole gumba cha mguu wangu. "Usitazame. Nakipeleka juu au chini?" Nikasema juu. Ezekia, aliyekuwa anatazama, akakohoa. Nikasema chini. Akakohoa tena. Kidole changu mwenyewe, niliyezaliwa nacho, sikujua kinapelekwa wapi.

"Shuleni tunafundishwa milango ya fahamu ni mitano," Jubilate akasema. "Lakini mwili unayo mingine. Upo unaokuambia umesimama wima au umeinama. Upo unaokuambia una njaa. Na upo unaokuambia mkono wako uko wapi bila kuutazama. Watu hawauzungumzii kwa sababu haujawahi kuwasumbua. Kwako huo ndio umeharibika. Macho yako yanaufanyia kazi, na ukiyafumba hakuna wa kuushikilia mwili."

Alisema damu yangu imepungukiwa vitamini ambayo mishipa ya fahamu inaitaka. Nikamwambia nakula samaki kila siku. Akasema nakula sawa, ila tumbo halipokei, basi nitachomwa sindano.

"Huo mlango utafunguka?"

"Unaweza kurudi wote, unaweza kurudi nusu. Umechelewa kuja, mama."

Nilikuwa wapi muda wote huo? Nilikuwa sakafuni kanisani. Niliona hasira na furaha vinapigana kifuani, maana sina pepo, na mkono wangu wa ndani huenda nisiupate tena.

Tulitoka hospitali moja kwa moja hadi Makwale. Tulikuta watu wamejaa uani, ni shukrani ya mtoto, Hezroni yuko hapo na Biblia yake, mchele unaiva, mama Ezra na kitambaa kipya kichwani na bangili ya shanga nyeupe mkononi. Nikaingia natazama miguu yangu.

"Ugonile, mkwe," nikamsalimu. "Nimetoka hospitali. Sina pepo. Ni mishipa ya fahamu. Nikifumba macho mwili wangu unapotea, awe anaomba mtu au asiombe."

"Ninyi watu wa ziwani," akasema, akitabasamu kwa ajili ya wageni, "hata pepo mnalipeleka kupimwa."

Wengine wakacheka. Ezekia, aliyekuwa nyuma yangu, akapiga hatua mbele. Lakini kabla hajafika, Asifiwe alitoka chumbani na mtoto amemfunga kanga, akapita katikati ya watu wote, akaniwekea mtoto mikononi.

"Tumaini, huyu ndiye bibi yako," akasema.

Na mama Ezra si mjinga, mpeni haki yake. Akasema taratibu, "Haya. Kama ni mishipa, vizuri. Tusimame tumshukuru Mungu, na bibi amshike mjukuu wake. Mwinjilisti, tuombee. Na kila mtu afumbe macho."

Niliuona mtego wote. Nikifumba, nitaanguka na mtoto. Nikikataa kufumba, ni lile pepo linaloogopa maombi. Nikimrudisha mtoto, nimekiri mwenyewe, na Asifiwe ataishi ndani ya nyumba ile akiwa binti wa mwenye pepo. Nikarudi nyuma hadi benchi likanigusa vigimbi vya miguu, nikajiegemeza hapo.

Hezroni akaanza. Wote wakainamisha vichwa. Mimi nikakodoa macho.

Niliitazama mikono yangu. Wa kushoto chini ya shingo, wa kulia chini ya makalio. Nikaiambia moyoni, kaeni hapo, msiende popote. Niliposhtuka kidogo tu na nzi, nikaona wa kulia umeshuka wenyewe, nikaurudisha kwa macho. Na yule bwana anapoomba haachi kitu: aliombea mvua, bei ya kakao, wagonjwa wa Ngonga, madaraja. Tumaini akapiga teke. Jasho likaniingia jichoni, likawasha, na sikuthubutu kupepesa.

Ndipo nikaona mikono mingine. Ilikuja polepole chini ya yangu, viganja vimetazama juu, haikunigusa. Mmoja ulikuwa na ile bangili ya shanga nyeupe. Mikono ya mama Ezra. Ilikaa pale sawasawa chini ya mtoto, ikihama kila yangu ilipohama, na nilijua mtu hawezi kufanya hivyo macho yakiwa yamefumbwa.

Tukasimama hivyo, maadui wawili, tukitazama mtoto mmoja asianguke, mpaka Hezroni alipochoka.

"Amina."

Mikono ile ikatoweka haraka kama ya mwizi wa sukari. Mama Ezra akafungua kinywa kuwaambia watu kwamba sikufumba macho. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Halafu akakifunga, maana wangemuuliza yeye aliona kwa macho yapi. Akarekebisha kitambaa chake, akamshukuru, "Ndaga fijo, mwinjilisti," na watu wakaketi wakingoja wali.

Asifiwe alikuwa analia na kucheka. Akaja akanishika bega. "Mama, hebu sema wewe. Wote hapa wanasema ni babu yake mtupu. Amefanana na nani?"

Muda wote ule nilikuwa natazama mikono. Uso wa mjukuu wangu ulikuwa pale pale, shibiri moja tu juu ya vidole vyangu, na sikuuona, kwa sababu ningeupandishia macho mikono ingeondoka. Hata sasa, binti yangu ananisubiri, macho yangu yako kwenye vidole vile vile. Nikatamani kusema amefanana na wewe. Ulimi wangu haujawahi kushindwa na uongo mdogo namna hiyo. Lakini machozi yalishaanza kunitoka, na machozi nayo yanaziba macho, nami bila macho sina mikono.

"Mama Ezra," nikaita, bila kuinua kichwa. "Njoo mkwe. Mshike wewe. Nataka kumwona."

Alikuja. Alimchukua, akamfunua kanga usoni, akamgeuzia kwangu.