Sabuni Ndani ya Kibuyu

Mugure alimimina maji ya moto ndani ya kibuyu kwa mara nyingine, akafunika tundu kwa kiganja, akatikisa. Alikuwa amechutama kando ya mfereji nyuma ya nyumba yao ya Lanet, leso kiunoni, na jua lilikuwa bado halijatoka vizuri. Akamwaga maji, akasogeza pua. Kibuyu bado kilinuka sabuni.

Usiku alikuwa ameifurahia sana kazi ile. Chepngeno, mama wa mke wa mwanawe Jeff, alikuwa amefika jioni kutoka pande za Molo akiwa amepakata kibuyu kilichojaa mursik, yale maziwa ya Wakalenjin yanayolazwa siku kadhaa mpaka yagande na kuwa na rangi ya majivu. Waliyanywa na ugali, yakaisha. Mgeni alipoenda kulala, Mugure alichukua kibuyu akakiosha. Maji yalitoka meusi. Akaongeza sabuni, akatia changarawe kama mamake alivyokuwa akiosha vibuyu vya uji, akasugua shingo kwa waya. Kila maji meusi yalipotoka alimhurumia mgeni wake. Alijiambia kwamba macho ya yule mama yamezeeka, ndiyo maana haoni uchafu. Aliacha kusugua maji yalipotoka meupe, akakiegemeza kwenye kabati la vyombo, akalala na moyo mweupe vilevile.

Alfajiri Chepkurui, mke wa mwanawe, aliingia jikoni kuweka chai akakikuta pale. Ndiye aliyemwamsha.

"Mami, hiki kibuyu umeosha na nini?"

"Na sabuni. Kilikuwa kichafu, maskini."

Chepkurui alikuwa amekaa juu ya karai lililopinduliwa, akiinamisha kichwa. "Ule weusi si uchafu. Ni makaa ya senetwet. Wanachoma huo mti, wanasugua makaa yake huko ndani, ndiyo maziwa yasiharibike. Na hicho ni cha nyanya, mamake baba. Alimpa mamangu alipoolewa. Hakijawahi kuona sabuni."

Sasa Mugure alikuwa kwenye mfereji, na maji ya moto yalikuwa yameisha.

"Na leo jioni anataka kuweka maziwa mapya," Chepkurui alisema nyuma yake. "Jeff arudi na lori Jumamosi apate yake."

"Basi leo mtatembea mji, na mimi nitatafuta huo mti."

"Si umwambie tu?"

"Nitamwambia kikishapona."

Alikifunga kibuyu kwa kitambaa, akakiweka juu ya kabati.

Mumewe, Thuo, alikuwa tayari amewasha gari. Thuo alifanya kazi reli mpaka akastaafu, na tangu Nakuru iitwe jiji alikuwa akingoja mgeni wa kumwonyesha. Chepngeno alikuwa amepita Nakuru mara nyingi, akienda hospitali au kufuata mbegu za viazi, lakini kuitembea hajawahi. Alitoka amevaa koti zito la Molo na viatu vya kanisani. Natalie, mjukuu wao wote, alimshika bibi yake mkono.

"Kogo, utasikia joto."

"Nikisikia nitavua. Nikiacha na kukuwe baridi, nitavua nini?"

Walianzia Hyrax Hill, kwa kuwa ni karibu. Thuo aliwapitisha kwenye mabaki ya kuta za watu wa kale, akizungumza polepole, akirudi nyuma kila aliporuka jambo. Mugure alitembea wa mwisho. Alitazama kila kichaka. Chepkurui alikuwa amemweleza: maua ya manjano, vichipukizi vyeusi juu. Hapo aliona michongoma ya ua na nyasi tu.

Kwenye mwamba mmoja kulikuwa na safu za vishimo vilivyochongwa zamani, bao la watu ambao hakuna ajuaye majina yao. Mlinzi alisema wageni huruhusiwa kujaribu. Chepngeno aliinama, akaokota vijiwe, akaanza kuvigawa bila kuulizwa.

"Keti, Baba Jeff."

Thuo aliketi. Baada ya muda mfupi alikuwa akijikuna kidevu.

"Tunacheza kwa sheria gani?"

"Za kwetu."

"Na tungecheza kwa za kwetu sisi?"

"Ungekuwa umeshindwa kitambo, tukaenda kuona mambo mengine."

Natalie alicheka mpaka akakaa chini. Mugure naye alicheka, kisha akakumbuka kibuyu.

Ndani ya jumba la makumbusho kulikuwa na vitu vya nyumbani vilivyowekwa nyuma ya kioo: mkuki, kigoda, kibuyu chenye kifuniko cha ngozi. Chepngeno alikaribia mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Alikitazama kile kibuyu kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama jirani aliyelazwa wodini.

"Hiki kina njaa," alisema. "Kila mtu anakiangalia na hakuna anayekipa maziwa. Kibuyu kikikaa kikavu hivi, kinakufa."

"Lakini ni kisafi, kogo," Natalie alisema, akimtazama Mugure. "Kama chetu vile cucu—"

"Natalie," Chepkurui alisema, "shika njugu."

Natalie alishika njugu.

Waliingia mjini. Thuo aliwapitisha stesheni ya reli, akawaonyesha alipokuwa akisimama na filimbi yake, kisha wakaenda sokoni. Huko Chepngeno alisimama mbele ya rundo la kabichi na kuligusa kwa kidole.

"Hii ni yetu," alimwambia muuzaji.

"Ni ya Molo, mathe. Fresh."

"Najua ni ya Molo. Nimeiacha shambani wiki jana. Imekuja na lori, mimi nimekuja na matatu, na sasa iko kwa meza na mimi nimesimama."

Muuzaji alimpa kigoda. Chepngeno akaketi, wakaanza kuongea habari za mvua. Mugure aliona nafasi yake. Alipita katikati ya magunia ya vitunguu mpaka upande wa dawa za kienyeji, ambako mama mmoja aliyeitwa Cheptanui alikuwa amepanga mizizi na maganda juu ya gunia.

"Uko na senetwet?" Mugure alinong'ona.

"Ya mursik? Zimeisha, mami. Watu wamenunua jana zote. Njoo wiki ijayo."

"Hata kimoja? Hata kifupi?"

"Hata cha kutoboa meno sina."

Aligeuka, akamkuta Chepngeno amesimama nyuma yake, amemshika Natalie mkono. Alikuwa amemfuata ili wasipotezane. Cheptanui alimtazama mgeni, uso ukamchanua.

"Chamgei!"

"Chamgei mising!"

Wakasalimiana kwa Kikalenjin, wakaulizana nyumbani na mifugo. Mugure hakuelewa neno, mpaka Cheptanui alipomnyooshea kidole akicheka, na katikati ya maneno yale likapita moja alilolijua tangu alfajiri: senetwet.

Chepngeno aligeuka. "Mama Jeff, ya nini?"

Mtu wa mkokoteni alipita akipiga kelele apishwe. Mugure alingoja apite, na alipopita hakukuwa na kitu kingine cha kungoja.

"Nimeosha kibuyu chako," alisema. "Usiku. Nilidhani ni uchafu. Nimekitoa weusi wote."

Uso wa Chepngeno haukubadilika.

"Na maji?"

"Na sabuni."

"Sabuni gani?"

"Ya kipande."

"Ile ya kufua?"

"Ile ya kufua."

"Na waya," Natalie aliongeza kwa sauti ndogo.

Cheptanui aliyetega sikio aliguna, akajifanya anapanga mizizi yake. Chepngeno alifungua vifungo vya koti kimoja baada ya kingine, akalivua, akalikunja, akamkabidhi mjukuu.

"Twende tule," alisema. "Siwezi kufikiria hili na njaa."

Thuo aliwapeleka kwenye mkahawa wa zamani ambako Wahindi wamekaanga bhajia tangu yeye akiwa kijana. Zililetwa mezani zikiwa bado zinalia mafuta, vipande vyembamba vya viazi ndani ya unga wa manjano, na bakuli la nyanya zilizosagwa na pilipili. Alianza kueleza jinsi reli ilivyoleta watu na watu wakaleta vyakula vyao, lakini alipoona nyuso zao aliikata hadithi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Alisogeza bakuli karibu na mgeni.

Chepngeno alikula. Alichovya, akatafuna, akachovya tena. Mugure alikuwa na kipande kimoja mkononi na hakukipeleka mdomoni.

"Viazi ni vya Molo," Chepngeno alisema hatimaye.

"Ndiyo," Thuo alisema haraka.

"Mama mkwe wangu alikuwa mkali." Alipangusa vidole. "Siku ya kunipa kile kibuyu aliniambia, ukikivunja, usirudi hapa, pitiliza kwenu. Nimekibeba miaka yote kama yai. Wakati wa ile vita ya makabila kule Molo nilikimbia nikiwa na mtoto mgongoni na kibuyu mkononi. Nilijua kuvunja ni makosa. Kuosha na sabuni hakusema. Nafikiri hakuwaza kama kuna mtu anaweza."

Chepkurui aliinamia chai yake, mabega yakaanza kutikisika. Mugure alimtazama akidhani analia. Hakuwa analia. Na Chepngeno alipomwona bintiye anavyojizuia, naye mdomo ukamponyoka, akacheka cheko refu la chinichini, mkono kifuani, hadi mwenye mkahawa akatabasamu bila kujua sababu.

"Wee Mama Jeff. Na waya."

"Kidogo tu," Mugure alisema. Sasa machozi yalikuwa yakimtoka yeye, na alikuwa akicheka pia.

Lakini Chepngeno alipomaliza kucheka alisema wazi. "Sijui kama kitarudi. Sabuni inaingia mpaka kwa ukuta wake. Tutakitia moshi tuone. Kikikataa, maziwa yataoza, na mimi sitakitumia tena. Kwa hivyo senetwet lazima ipatikane leo. Si ya sokoni. Ya sokoni hujui nani amekata."

Thuo, aliyekuwa ameunganisha habari yote kutoka vipande, alikohoa. "Nilikuwa nimepanga sasa tuone shimo la Menengai."

"Huko kuna vichaka?"

"Kuna vichaka njia nzima."

"Basi tuone shimo."

Gari lilipanda polepole, na wanawake watatu walishusha vioo, kila mmoja akitazama upande wake. Hakuna aliyetazama ziwa lililokuwa likimetameta chini, ingawa Thuo alilitaja. Karibu na juu, Mugure alimgonga mumewe begani.

"Simama. Rudi nyuma kidogo."

Kando ya shamba la mtu kulikuwa na ua mrefu wenye maua ya manjano yaliyosimama kama mishumaa, ncha zake nyeusi.

"Ni huu?" aliuliza. "Lakini huu kwetu tunauita mwinu. Tumekua nao. Tulikuwa tunaukimbia kwa sababu unanuka."

Chepngeno alikuwa tayari ameshuka. Alivunja jani, akalinusa, akampa Mugure alinuse.

"Ndio huu."

Mwenye shamba, mzee Wanyoike, alitoka akiwa na panga na wasiwasi. Walipomweleza alishusha panga.

"Mnataka mwinu? Chukueni wote. Hata mbuzi hawautaki."

Chepngeno alichagua matawi kwa makini, akiacha manene, akiacha yaliyoliwa na wadudu. Alimwonyesha Mugure yaliyokaa sawa, kisha akamwachia panga. Mugure alikata la kwanza vibaya, la pili vizuri. Natalie aliyafunga kwa kamba ya katani waliyopewa na mzee.

Walifika ukingoni mwa shimo na harufu ile ikiwa nguoni. Thuo alisimama akiwapa mgongo, akaeleza mlima ulivyolipuka na kuporomoka ndani, kwa utaratibu, tangu mwanzo. Nyuma yake Chepngeno alikuwa akimweleza Mugure namna ya kushika ufito unaowaka bila kujichoma. Thuo aliposema "na mvuke ule mnaouona," aligeuka, akakuta hakuna anayeuona isipokuwa mjukuu wake.

"Mimi nimeuona, guka," Natalie alisema.

"Asante, mama."

Jioni waliwasha jiko la makaa uani. Mugure alikileta kibuyu, akakifungua kitambaa. Chepngeno alikipokea kwa mikono miwili. Alikinusa, akafumba macho. Kisha akamrudishia.

"Shika wewe. Wewe ndiye uliutoa weusi, wewe ndiye utaurudisha."

Walichukua tawi lililoonekana kavu kuliko mengine, wakaliweka motoni. Lilitoa moshi mwingi na povu mwishoni, likakataa kushika kaa. Wakajaribu jingine. Hilo lilishika kidogo, na Mugure akaliingiza ndani ya kibuyu, akasugua kwa kuzungusha kama alivyofundishwa. Aliponusa, aliusikia moshi. Chini ya moshi, kwa mbali, ilikuwepo sabuni.

"Ni mabichi bado," Chepngeno alisema. "Tuyaweke juu ya jiko usiku yakauke. Kibuyu kikae mdomo chini. Kesho tunaanza upya."

"Kesho nilifikiri ziwa," Thuo alisema kutoka mlangoni. "Flamingo wakiwa wamerudi."

"Kesho tuna kazi, Baba Jeff. Lakini kama una vijiwe, leta, tucheze tukingoja makaa."

Walipanga matawi juu ya waya, mbali kidogo na moto. Mugure alikiinamisha kibuyu juu ya kigoda, akakigeuza mara mbili mpaka kikatulia. Maziwa ambayo Chepkurui alikuwa amenunua kwa jirani yaliingia kwenye friji, yangoje nayo.

Chepngeno aliaga watu wote aende kulala, akapitia jikoni kunywa maji. Alipotoka alikuwa amebeba kile kipande cha sabuni ya kufua mkononi, na akaenda nacho chumbani, akafunga mlango.

"Na vyombo nitaosha na nini?" Mugure aliuliza.

"Na mchanga," Chepngeno alijibu kutoka ndani.